Taa za Bi Mkubwa

Jambo la kwanza alilolitambua Kimya lilikuwa dogo kama punje ya mtama: baba yake alifuta vioo vya taa mara mbili. Kila jioni alipokuja kumchukua kazini, mzee huyo alikuwa na desturi ya kupangusa taa mbili za mbele za gari lake kwa kitambaa laini kabla ya kuziwasha. Jioni hiyo alipangusa, akarudi nyuma, akatazama, akakunja uso, kisha akainama kupangusa tena. Kimya alikuwa amesimama kando, kikapu mkononi. Vioo vilikuwa safi. Aliuona uso wake mwenyewe ndani yake, umepinda kama ulivyopinda siku zote katika vioo vile vya mviringo. Aliingia garini, akafunga mlango.

Wazee walituachia msemo kwamba heri kufa macho kuliko kufa moyo. Hawakumaanisha kuwa upofu ni jambo jepesi, kwani hakuna aliyepoteza macho akafurahi. Walimaanisha kwamba asiyeona anaweza kushikwa mkono akafika aendako, lakini aliyekata tamaa, hata umshike mikono yote miwili, hainuki alipokaa. Kimya alikuwa ameusikia msemo huo tangu utotoni na, kama watu wengi, alidhani ni maneno ya kuwapoza waliofikwa na msiba. Maana yake aliijua baadaye, katika ua wa nyumba yao wenyewe, kando ya gari kuukuu.

Gari lenyewe lilikuwa jeusi, madigadi yake yamevimba kama mashavu ya mpiga tarumbeta. Baba alilirithi kutoka kwa baba yake. Mtaa mzima uliliita Bi Mkubwa, na aliyelianzishia jina hilo ni Mama Kimya. "Mimi niliolewa mke wa pili bila kuambiwa," alikuwa akiwaeleza wageni. "Mwenzangu hapiki, hafui, wala hafagii. Lakini akikohoa tu, mume wetu halali." Baba alikuwa amefanya kazi ya udereva tangu ujana wake hadi alipostaafu, na kutwa nzima sasa ilikuwa kungoja saa ya kumleta binti yake kutoka kwa dobi, mahali alipokuwa akipiga pasi. Kimya naye jina lake la kweli lilikuwa limeanza kusahaulika. Maneno yake yalikuwa machache kama mvua ya kiangazi, na watu walikuwa wameacha kuyangoja.

Siku chache baada ya jioni ile, Baba alisimamisha gari kwenye karakana ya fundi wa umeme wa magari. Kijana huyo aliitwa Fundi Waya kwa sababu ya kazi yake, na pia kwa sababu ya wembamba wake.

"Fundi, taa hizi zimechoka," Baba alisema. "Nataka zenye nguvu."

Fundi Waya aliziwasha, akakinga kiganja mbele yake. "Mbona zinapiga vizuri tu, mzee? Kwa umri wake, huyu bibi anaona kuliko mimi."

"Nimesema zimechoka."

"Sawa, kubadilisha tutabadilisha. Ila balbu kubwa inakula umeme mwingi, na nyaya za gari hili ni nyembamba kama uzi wa cherehani. Umeme wote wa taa unapita kwenye ile swichi ya dashibodi. Tukiongeza nguvu, lazima nivute nyaya nene kutoka kwenye betri, halafu nifunge rilei ya kuibebea swichi mzigo. Niachie gari siku mbili tatu."

"Gari hili halikuzaliwa na rilei. Funga balbu, niondoke nalo leo."

"Swichi itaungua, mzee wangu."

"Swichi hii ilimwona baba yangu akizeeka, na haikuungua. Funga."

Fundi alimgeukia Kimya kana kwamba anaomba msaada. Kimya alitazama viatu vyake. Basi zikafungwa balbu mpya, zenye mwanga mweupe kama maziwa, na baada ya muda si mrefu Baba akarudi kutaka nyingine kubwa zaidi. Nyumbani Mama alimcheka. "Naona mke mwenzangu anapakwa wanja kila wiki. Mwisho atapata mchumba." Baba alitabasamu kwa upande mmoja, akatoka nje, na wakati wa kutoka bega lake la kushoto likagonga mwimo wa mlango. Haikuwa mara ya kwanza. Mwimo huo ulikuwa umeanza kung'aa mahali bega lake lilipozoea kugonga.

Kimya aliyaona yote hayo. Alimwona baba yake akigeuza kichwa kizima ili kutazama kitu kilichokuwa kando yake. Alimwona akipapasa meza kutafuta kijiko kilichokuwa mbele ya macho. Mara kadhaa alipiga moyo konde aseme, lakini alipofungua mdomo, ulimi ulikuwa mzito kama pasi ya makaa.

Siku ya siku ikafika. Jua lilikuwa limezama, lakini mwanga wake bado ulikuwa umetanda angani, na watu barabarani walitambuana kwa mbali. Baba aliwasha taa zake kubwa kama kawaida. Hawakuwa wamefika mbali Kimya aliposikia harufu anayoijua: harufu ya waya wa pasi uliochoka, pale mpira wake unapoanza kulainika.

"Baba," aliita kwa sauti ya chini. "Kuna harufu."

"Watu wanachoma takataka."

Moshi mwembamba ukachomoza chini ya dashibodi. Kitu kikalia ta, taa zote mbili zikazima. Mbele yao, upande wa kushoto, mtu alikuwa akisukuma mkokoteni uliojaa viti vya mbao. Kimya alimwona waziwazi. Aliona hata kitambaa chekundu alichokifunga nyuma ya mzigo. Alingoja baba yake akwepe, na Baba hakukwepa. Hakupunguza hata mwendo.

"Breki! Baba, breki!"

Matairi yalilia. Bi Mkubwa alisimama huku bampa lake likiwa limegusa mguu wa kiti cha mwisho, nacho kiti kikaanguka barabarani, kikabiringika.

Mwenye mkokoteni aligeuka, akatazama taa, akamtazama Baba. "Mzee, gari lina macho makubwa kama masahani, na bado unataka kunizika pamoja na viti vya watu?"

"Nisamehe, mwanangu. Taa zimezima ghafla."

"Taa za nini saa hizi?" Yule mtu alinyoosha mkono kuelekea angani. "Hata sindano ikianguka hapa, naiokota."

Baba aliinua uso juu, akaushusha barabarani. Aliugeuza huku na huku kama mtu aliyeamshwa katika nyumba asiyoijua. Mwenye mkokoteni alipokwisha kukiokota kiti chake na kwenda zake akinung'unika, mzee aliuliza polepole, bila kumtazama binti yake:

"Mama, ni kweli bado kuna mwanga?"

"Upo, Baba," alijibu Kimya.

Daktari wa macho hakuwaficha. Ugonjwa ulikuwa presha ya macho, nao ulikuwa umekula kuona kwa mzee kuanzia pembeni kuelekea katikati, kama panya alavyo mkate kuanzia ukingoni. Kilichokwenda hakirudi. Alikuwa amebakiwa na kitundu tu, mfano wa mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, nacho kilikuwa na ukungu. Kwa matone ya dawa asubuhi na jioni, kitundu hicho kingeweza kudumu miaka mingi. Bila matone, nacho kingezibwa. Kuhusu kuendesha gari, ndiyo basi.

Baba alirudi nyumbani, akatundika ufunguo kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni, akaagiza gari lifunikwe turubai. Kiti chake akakigeuza kikaelekea ukuta. Ndevu alizokuwa akinyoa kila asubuhi akaziacha ziote kama nyasi za uwanja usio na mwenyewe. Mama alipomletea chupa ya matone, aliusukuma mkono wake. "Ya nini?" alisema, na siku ya pili hata hilo hakulisema.

Mama alijaribu dawa aliyoizoea. "Baba Kimya, mke mwenzangu amenuna huko nje. Hajaguswa tangu lini. Nenda ukambembeleze."

"Mwacheni afe," alijibu Baba.

Mama, ambaye mdomo wake haukuwahi kukaukiwa na mzaha, aliingia jikoni, akafungulia bomba. Kimya alimkuta amesimama mbele ya maji yanayotiririka, hana sahani wala kikombe mkononi.

Haukupita muda akaja Baba Mdogo, nduguye Baba. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kupenda mambo yaishe. "Kaka, gari likikaa linaoza," alisema. "Nimepata bwana mmoja anayependa magari ya kale. Anataka taa ziwake tu, alipeleke kwake mwenyewe. Atakuja Jumamosi jioni."

"Chukua."

"Huulizi hata ni nani?"

"Nimesema chukua."

Kimya alikuwa akimimina maji mezani. Alikumbuka jinsi baba yake huyu alivyowahi kuacha chakula mdomoni akatoka nje mbio, kisa jirani ameegemea madigadi. Leo alitoa gari zima kama mtu anayetoa kiti kibovu kipelekwe jalalani. Hapo Kimya alielewa kwamba macho yalikuwa ugonjwa wa kwanza tu, na wa pili ndio uliokuwa ukiua. Maji yakafurika bilauri, yakalowesha kitambaa cha meza.

Jumamosi asubuhi Fundi Waya, aliyeagizwa na Baba Mdogo azitengeneze taa, alifika na mkoba wake, akafunua turubai, akaanza kuivua taa ya kushoto. Kimya hakwenda kazini siku hiyo. Alimshikia vitu. Baada ya kuhangaika kitambo, fundi alijifuta jasho.

"Dada, taa imetoka, ila kuifungua nimekwama. Kuna skrubu za kushika kioo na skrubu za kuielekeza taa, na zote zinafanana. Nikikosea navunja, na spea yake haipatikani. Nimemuuliza mzee dirishani, ananiambia fanya utakavyo."

Kimya alitazama taa ile iliyokwisha kutoka, ikiwa imelala juu ya gunia kama kichwa kilichokatwa. Aliinama. Aliinyanyua kwa mikono miwili, kama mtu anayebeba beseni la maji, akaingia nayo ndani, akaiweka juu ya mapaja ya baba yake.

Mzee alishtuka. "Nini hiki?"

Kimya aliishikilia isianguke. Mikono ya mzee ilikaa juu ya mapaja kwa muda, imeganda. Kisha kidole gumba kikaanza kutembea, chenyewe, kama punda anayejua njia ya nyumbani. Kikazunguka ukingo wa taa, kikashuka kwenye kikombe cha ndani, kikasimama.

"Hapa pana kutu," alisema. Kikaendelea. "Na skrubu hii nani kaikaza kwa koleo? Kaitafuna. Bisibisi hana?"

Palikuwa na hasira katika sauti yake. Ilikuwa hasira ya kwanza tangu siku ya hospitali, na Kimya aliishukuru kuliko ambavyo angeshukuru zawadi.

"Ni fundi, Baba."

"Mwambie..." Mzee alisita. Aliinua uso kuelekea dirishani, mahali mwanga ulipokuwa ukitokea. "Hapana. Nishike mkono, nimwambie mwenyewe."

Walimkalisha juu ya kreti iliyopinduliwa, mbele ya Bi Mkubwa, na kazi ikaanza upya. Vidole vya mzee vilizitambua skrubu moja moja, akampa fundi majina yake kama mtu anayetambulisha wajukuu. Mahali waya wa ardhi, ule unaorudisha umeme kwenye betri, ulipofungwa kwenye bodi palikuwa pameliwa na kutu, Kimya akapewa msasa apasugue. Alisugua, mzee akapapasa. "Bado." Akasugua tena. "Bado, mama. Umeme ni kama mgeni, hauingii kwenye mlango mchafu." Aliposugua mpaka bati likawa laini kama kigae, mzee alitikisa kichwa kukubali.

Fundi Waya alikohoa kidogo, akijiandaa kwa ugomvi. "Mzee, safari hii nimekuja na rilei."

Baba hakugomba. "Lete kwanza ile swichi iliyoungua."

"Hii hapa. Nimeifungua, nimeisafisha, nimeirudishia vilivyorudishika. Kubeba umeme wa taa haiwezi tena. Lakini amri bado inatoa."

"Amri gani?"

"Ukiibonyeza, inaiambia rilei tu. Rilei ikishasikia, yenyewe ndiyo inafungua njia, na mzigo wote unapita kwenye nyaya nene."

Mzee aliikalisha swichi katika kiganja chake, akaipapasa mgongoni, mahali palipoyeyuka. "Kwa hiyo haitupwi."

"Haitupwi. Inarudi palepale kwenye dashibodi."

"Yeye anasema, na mwenye nguvu anabeba."

"Hivyo hivyo, mzee."

"Na mimi nilimtwika gunia mpaka akaungua," alisema Baba. Alikaa na swichi ile mkononi muda mrefu. Fundi akajitia kutafuta kitu mkobani, na Kimya akaendelea kusugua mahali palipokwisha kung'aa.

Mama alileta chai, akasimama kuwatazama, mikono kiunoni. "Leo naona mke mwenzangu anapasuliwa macho. Daktari mkuu ni huyu mwenye ndevu kama beberu?"

Baba alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kikavu, kama injini inayojaribiwa baada ya kulala siku nyingi. "Badala ya kunisimanga, yale matone yako wapi?"

Mama hakujibu kwa mzaha. Aligeuka upesi, akaingia ndani karibu mbio, na aliporudi na kichupa, kwa haraka yake tone la kwanza lilidondoka shavuni mwa mzee.

Jua lilipokuwa likitua, walilisukuma gari likaelekea ukuta wa ua. Kimya alipima kimo cha taa kwa kamba, akachora mstari wa chaki ukutani. Fundi akaketi kwenye usukani, akabonyeza swichi. Rilei ikalia tiki, na mianga miwili ikaruka ukutani, myeupe na imetulia, hakuna moshi wala harufu. Kazi iliyobaki ilikuwa ya kuielekeza, na kazi hiyo hufanywa kwa macho. Baba alipiga magoti mbele ya taa, bisibisi kwenye skrubu.

"Nieleze," alimwambia binti yake.

"Wa kushoto uko juu ya mstari, Baba. Kiasi cha kiganja."

"Sasa?"

"Unashuka. Polepole. Hapo hapo. Lakini umeangalia kando, kama mtu anayeona haya."

"Kama wewe," mzee alisema, akageuza skrubu nyingine. "Sasa?"

"Sasa umenyooka. Wa kulia bado unatazama angani."

Fundi Waya aliduwaa ndani ya gari. Alikuwa hajawahi kumsikia Kimya akisema maneno mengi namna ile. Kimya mwenyewe hakutambua. Alikuwa ukutani, akifuata mwanga kwa kidole, akimtolea baba yake habari za kila unywele, mpaka mianga yote miwili ikalala chini ya chaki kama watoto wawili kwenye mkeka mmoja.

Hapo ndipo lango lilipofunguliwa, akaingia Baba Mdogo na yule bwana mnunuzi. Walisimama wakitazama ukuta unaong'aa.

"Kaka, hongera, taa zinawaka!" alisema Baba Mdogo. "Basi tumpe mgeni ufunguo wake, asichelewe."

Mzee alijiinua kwa kushika bampa, akajipangusa magoti. "Mdogo wangu, mwombe mgeni radhi. Mwambie Bi Mkubwa ameghairi kuolewa."

Yule bwana alicheka kwa adabu, lakini Baba Mdogo hakucheka. "Kaka, tusidanganyane. Macho hayatarudi. Utalifanyia nini gari hili? Nani ataliendesha? Utaliwasha utazame ukuta?"

Swali lilikuwa la haki, na lilimpata mzee mahali alipokuwa bado na kidonda. Kimya alimwona akiinamisha kichwa. Aliona mkono wake ukitafuta kitu cha kushika hewani, usikipate, na ule ubaridi wa siku zilizopita ukianza kumrudia usoni. Mama alitazama chini. Fundi Waya alizima taa, na ua ukaingiwa na kijivu cha jioni.

Kimya aliweka chaki chini. Alikwenda jikoni, akautoa ufunguo kwenye msumari, akarudi, akasimama mbele ya watu wote wale. Safari hii ulimi haukuwa mzito.

"Baba," alisema, "nataka kuliendesha mimi. Nilitaka tangu nilipokuwa mdogo. Miaka yote nilipokaa kando yako, ulidhani natazama njia. Nilikuwa naitazama miguu yako. Sijawahi kumwambia mtu. Nifundishe. Wewe utaniambia, mimi nitabeba."

Mzee alinyoosha mkono, akaupata mkono wake na ufunguo ndani yake, akaufumba. Kisha akazunguka gari akilipapasa, akafungua mlango wa abiria, akaketi, akangoja binti yake aingie. Macho yake hayakurudi jioni ile, wala hayakurudi baadaye. Lakini aliyeketi kando ya usukani akiuliza kama klachi imekanyagwa mpaka chini hakuwa tena yule wa kwenye kiti kinachotazama ukuta, na kila aliyekuwa uani alishuhudia kwamba heri kufa macho kuliko kufa moyo.